Kumaliza saa za mahakama kwa mtandao nchini Marekani: huduma zinazokubalika na zinazokula pesa bure

Tuanze na hukumu yetu juu ya huduma hizi, maana wengi wanaotafuta tathmini ya namna hii tayari wana tarehe ya mahakama inayowakaribia. Tovuti za kulipia zinazotoa saa za huduma kwa jamii nchini Marekani, yaani saa za kazi bila malipo ambazo mahakama humwagiza mkosaji, zinamfaa mtu wa aina moja tu: yule ambaye jaji, karani au afisa wake wa probesheni (uangalizi wa mahakama nje ya jela) ameshamkubalia kwa maandishi. Kwa wengine wote tunapendekeza kazi halisi ya kujitolea kwa mbali, chini ya shirika lenye msimamizi anayepokea simu. Hiyo ni bure, na ina nafasi nzuri zaidi ya kuhesabiwa.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Aliyetoka Afrika Mashariki anajua kwamba kifungo cha nje kina msimamizi na kina jembe. Kenya ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, Tanzania ina ya mwaka 2002, na aliyehukumiwa hupangiwa kazi ya mikono kwenye shule, zahanati, barabara au kitalu cha miti, mbele ya mtu anayemwona kwa macho. Marekani hakuna mfumo mmoja wa nchi nzima. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 3563 cha sura ya 18, inamruhusu jaji kuweka kazi ya jamii kuwa sharti la probesheni kwa namna atakavyoelekeza yeye mwenyewe. Majimbo yana sheria zao, kaunti zina utaratibu wao, na jaji mmoja anaweza kuwa na msimamo tofauti na mwenzake wa chumba cha pili. Ndiyo maana cheti kilekile hupita kaunti moja na kurudishwa kaunti ya jirani. Mtu akikwambia "mimi walinikubalia", muulize mahakama gani, kosa gani na jaji yupi. Asipojua hayo matatu, jibu lake halikusaidii.

Tovuti za kulipia

Utaratibu wake karibu unafanana kote. Unajisajili kwa jina, namba ya kesi, idadi ya saa na tarehe ya mwisho. Unachagua kifurushi, na bei inapanda kadiri saa zinavyoongezeka. Juu ya bei hiyo huja nyongeza ambazo hazitangazwi ukurasa wa kwanza: barua ya karatasi kwa posta, barua yenye muhuri wa mthibitishaji wa saini, kubadilisha idadi ya saa baada ya kujisajili. Ukimaliza kulipa unapata barua ya uandikishaji papo hapo. Barua hiyo inathibitisha kwamba umeanza, haithibitishi kwamba umefanya kazi, na wapo wanaoipeleka mahakamani wakidhani mambo yamekwisha.

Kazi yenyewe ni masomo. Unasoma makala na kutazama video kuhusu kuzuia hasira, dawa za kulevya, kutunza pesa, kutafuta ajira, kuheshimu mali ya watu. Kwenye kona ya skrini kuna kipima muda kinachohesabu dakika, na kitufe cha kwenda mbele hakifunguki mpaka dakika ziishe. Video haiwezi kurushwa mbele. Mwisho wa somo kuna maswali machache ya kuchagua jibu. Ukishindwa unarudia kusoma. Mambo matatu huwatia watu hasara hapa. La kwanza, kwenye tovuti nyingi kipima muda husimama ukifungua ukurasa mwingine au simu ikijifunga skrini, kwa hiyo mtu anakaa jioni nzima na kukuta amehesabiwa nusu saa. Weka skrini isizime kabla hujaanza, na kama unaweza tumia kompyuta. La pili, ukikaa kimya bila kugusa chochote unatolewa nje, na dakika za somo lile zinapotea. La tatu ni lugha. Masomo mengi yako kwa Kiingereza, mengine kwa Kihispania. Kiswahili ni nadra kukikuta. Kutafsiri ukurasa kwa kivinjari husaidia kusoma, lakini mara nyingine huvuruga vitufe vya maswali. Tafsiri makala, kisha rudisha lugha ya asili kabla ya kujibu.

Udhaifu mkubwa zaidi haupo kwenye teknolojia. Mahakama inapoagiza huduma kwa jamii, swali la kwanza la jaji ni: nani amehudumiwa? Aliyesoma kuhusu hasira amejifaidi mwenyewe, na hilo ni jema, lakini hakuna mzee aliyepelekewa chakula wala uwanja uliosafishwa. Watoa huduma hujibu kwamba ada inagharimia kazi ya hisani, au kwamba elimu inapunguza kurudia makosa. Wapo majaji wanaoridhika na jibu hilo, hasa kwa makosa ya barabarani, kwa mgonjwa, kwa mama mwenye mtoto mchanga asiye na wa kumwachia, au kwa anayeishi mbali na mji. Wapo wanaoyaita masomo hayo darasa na kuyakataa moja kwa moja. Na kama hukumu yako imetaja pia darasa la ulevi barabarani au la kuzuia hasira, usidhani cheti hiki kitaziba mapengo yote mawili. Hayo ni masharti tofauti na kila moja lina watoa huduma wake walioidhinishwa.

Kuna maneno ya matangazo yanayotosha kukufanya ufunge ukurasa. "Inakubalika majimbo yote 50" ni ahadi ambayo hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. "Saa 40 leo leo" maana yake unauziwa karatasi, na karatasi ya uongo ukiipeleka mahakamani umefungua kosa jipya lililo zito kuliko lile la kwanza. "Pesa yako inarudi ukikataliwa" lisome mpaka mwisho: mara nyingi sharti ni kuleta barua ya kukataliwa yenye nembo ya mahakama, na makarani hawana desturi ya kuandika barua hizo. Watakwambia kwa mdomo tu, nawe utabaki huna cha kuambatanisha. Kama unalazimika kulipa, uliza kabla ya kutoa kadi: je, barua pepe kutoka kwa afisa wa probesheni inatosha kudai marejesho? Jibu lao lihifadhi.

Jambo jingine la kukagua ni namba ya kodi ya shirika, yenye tarakimu tisa. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, ina ukurasa wa bure wa kutafuta mashirika yasiyotozwa kodi. Ingiza namba hiyo, si jina peke yake, kwa sababu majina hufanana. Angalia mambo mawili: kwamba shirika limo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kupokea michango, na kwamba halimo kwenye orodha ya waliofutwa. Shirika lisilowasilisha taarifa yake ya mwaka kwa miaka 3 mfululizo hufutwa moja kwa moja, na huendelea kuonekana zuri mtandaoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata hivyo, hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi, inahusu kodi tu. Haimlazimishi jaji yeyote kukubali saa, ingawa bila hadhi hiyo mahakama nyingi hazitakusikiliza kabisa.

Piga hesabu kabla ya kulipa

Mpango wa kwanza rasmi wa saa hizi Marekani ulianza mwaka 1966 katika kaunti ya Alameda, California, kwa ajili ya wakosaji wa barabarani wasiomudu faini. Msingi huo bado upo kwa kesi nyingi ndogo, na ndiyo sababu ada ya tovuti inabidi ipimwe dhidi ya faini yenyewe.

Texas, katika mahakama za makosa madogo ya faini, kila saa 8 za huduma hupunguza angalau dola 100. Faini ya dola 300 ni saa 24. Sheria hiyo ya Texas ina upana ambao wengi hawaujui: zaidi ya kazi ya kujitolea, inatambua mafunzo ya ujuzi wa kazi, maandalizi ya mtihani wa kumaliza sekondari, ushauri nasaha na programu za kuacha ulevi. Mtu anayejiandaa kwa mtihani huo (GED) anaweza kumwomba jaji ahesabiwe hayo hayo, badala ya kulipia tovuti masomo yasiyompa kitu baadaye. California, kwa makosa ya barabarani ambayo faini yake inakuelemea, saa moja huhesabiwa kwa kiwango cha mara mbili ya kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 16.50, yaani saa moja ilikuwa na thamani ya dola 33, na faini ya dola 330 ilikuwa saa 10. Ukiona tovuti inakutoza fedha inayokaribia nusu ya faini, kisha bado ukae mbele ya skrini saa zote hizo, mwombe karani mpango wa kulipa kidogo kidogo. Unaweza kutoka na unafuu zaidi.

Kazi halisi kwa mbali

Hapa ndipo Mswahili ana mtaji ambao wengine hawana. Mashirika ya kupokea wakimbizi katika miji yenye Wakongo wengi, kama Dallas, Columbus, Louisville au Phoenix, yana uhaba wa watu wa kusoma na kuandika Kiswahili. Kazi zinazofanyika ukiwa nyumbani ni nyingi: kutafsiri tangazo la shule, kupigia familia simu kuwakumbusha miadi ya kliniki, kumwelekeza mzazi kujaza fomu ya chakula cha shuleni, kurekodi sauti ya maelekezo ya basi kwa asiyejua kusoma. Tunaipa njia hii alama ya juu kabisa. Saa zinaonekana, aliyehudumiwa anajulikana, barua inatoka kwenye shirika ambalo pengine hakimu wa mji ule analijua, na anayesaini ni mtu ambaye karani anaweza kumpigia.

Ina vikwazo vyake. Waambie tangu simu ya kwanza kwamba saa ni za amri ya mahakama na utaje kosa. Mashirika mengi hayapokei wenye kesi za ukatili, wizi au makosa ya kijinsia, hasa palipo na watoto na taarifa za siri za familia, na ukificha watagundua kwenye ukaguzi wa rekodi ukiwa umeshapoteza wiki. Ukaguzi wenyewe huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kwa hiyo mwenye siku kumi zilizobaki asitegemee njia hii bila kuomba kuongezewa muda. Sema pia Kiswahili chako ni cha wapi. Tangazo la chanjo kwa familia za Uvira, mashariki mwa Kongo, likiandikwa kwa Kiswahili cha habari cha Dar es Salaam litaeleweka, lakini mama aliyezoea maneno ya Kifaransa kwa mambo ya hospitali atakwama, na shirika linahitaji kujua limempata nani.

Kwa tafsiri, elewaneni mapema jinsi ya kuhesabu. Mtafsiri wa kawaida hufanya maneno 250 hadi 300 kwa saa ikiwa ni pamoja na kusoma tena; mwanafunzi hufanya pungufu. Andikeni kiwango hicho kwenye barua pepe kabla ya kazi ya kwanza. Pasipo makubaliano hayo, msimamizi anaona ukurasa mmoja, anakupa nusu saa, wakati wewe umetumia saa mbili. Watafsiri wa kujitolea wa Translators without Borders, ambayo sasa iko chini ya CLEAR Global, nao wanahitajika sana kwa Kiswahili, ila kule kazi huhesabiwa kwa maneno. Waulize kwanza kama watakuwa tayari kuthibitisha kwa mahakama, kisha umwonyeshe afisa wako jibu lao kabla hujaanza.

Njia ya pili tunayoipenda ni uchoraji wa ramani. Humanitarian OpenStreetMap Team ina jukwaa ambalo kila mtu huchukua kipande cha picha ya satelaiti na kuchora nyumba na barabara zisizokuwa kwenye ramani. Mradi wa Missing Maps, ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika hilo pamoja na Msalaba Mwekundu wa Marekani, wa Uingereza na Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka), unatumia jukwaa hilo hilo. Crowd2Map Tanzania nayo huchora vijiji vya Tanzania ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Huduma kwa jamii ya wazi kuliko hiyo ni vigumu kuipata kwenye kompyuta. Wasifu wako unaonyesha muda uliotumia kuchora, na kila badiliko linabaki hadharani likiwa na tarehe na saa yake. Ushahidi huo una nguvu kuliko cheti chochote cha tovuti ya kulipia.

Unahitaji kompyuta yenye kipanya. Kwa simu haiwezekani kufanya vizuri. Makosa ya wanaoanza ni yale yale: kuchora kivuli badala ya paa, kusahau kunyoosha pembe za nyumba (kwenye iD, programu ya kuchorea ramani, bonyeza herufi Q), kuchora nyumba mbili zilizokaribiana kama moja, na kuunganisha barabara na ukuta. Mkaguzi akirudisha kipande chako, saa hazifutiki, ila mwenye macho makali atauliza kwa nini kazi yako yote imekataliwa. Fanya mafunzo ya mwanzo kwanza, na anza na kijiji chenye nyumba chache. Onyo moja: jukwaa huhesabu muda ambao kipande kiko mikononi mwako, na kipande kilichoachwa wazi hujifungua chenyewe baada ya saa 2. Ukifungua kipande ukaenda kupika, muda utaongezeka bila nyumba hata moja kuchorwa, na orodha ya mabadiliko itakuumbua. Kasoro ya njia hii ni kukosa msimamizi wa kusaini. Ziba pengo hilo kwa kujiunga na kikundi cha chuo au tawi la Msalaba Mwekundu linaloendesha vikao vya ramani, ili awepo mtu wa kuandika barua.

Nyinginezo tunazitaja haraka. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua mwaka 2018 mradi wa By the People, ambapo watu wananakili maandishi ya zamani ya mkono. Kazi ni nzuri na taasisi ina heshima kubwa, ila rekodi yake ni idadi ya kurasa, na mwandiko wa karne ya 19 ni kazi ngumu hata kwa aliyezaliwa na Kiingereza. Zooniverse ina miradi ya sayansi. Mmoja wao, Snapshot Serengeti wa mwaka 2012, ulitumia kamera 225 zilizotegwa mbugani na maelfu ya watu kutambua wanyama kwenye picha. Ni kazi ya maana, lakini jaji akiuliza nani alikuwa akikusimamia huna jibu. Be My Eyes, ambapo unamsaidia kipofu kwa simu ya video, tunaisifu kwa moyo wote na hatuipendekezi kwa saa za mahakama: simu ni za dakika chache, na unaweza kukaa siku nyingi bila kupigiwa. Freerice ya Mpango wa Chakula Duniani ni mchezo wa maswali. Cheza na wanao, usiupeleke kwa karani.

Kuomba ruhusa

Chukua amri yenyewe na uisome neno kwa neno. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwombe wakili au mkalimani akusomee. Unatafuta idadi ya saa, tarehe ya mwisho, aina ya shirika linalotakiwa, na maneno yanayofunga mlango wa mtandao, kama vile kutakiwa kufika ana kwa ana, kufanya kazi za mikono au kupitia wakala uliotajwa. Baadhi ya kaunti hazihesabu saa yoyote isiyopita kwenye kituo chao cha kujitolea, hata kama kazi yenyewe ni halali kabisa.

Kisha jua wa kumwomba. Mwenye probesheni ya kuripoti humwandikia afisa wake. Asiye na afisa hupitia kwa wakili, au kwa karani wa chumba kilichotoa hukumu. Mwenye faini ya kosa la barabarani huenda dirisha la karani. Barua iwe fupi: jina kama lilivyo kwenye kesi, namba ya kesi, saa ngapi, jina la shirika na namba yake ya kodi, maelezo ya kazi kwa sentensi mbili, jina na simu ya msimamizi, saa ngapi kwa wiki, na sampuli ya fomu ya saa. Malizia kwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana. Ukiuliza "nifanyeje?" utajibiwa "soma amri yako". Ukipewa ndiyo kwa mdomo, andika barua pepe siku hiyo hiyo ukirudia ulichoambiwa, na uombe wathibitishe. Afisa wa probesheni anaweza kuhamishwa, na atakayechukua faili lako hajui mlichozungumza dirishani.

Usianze kabla ya jibu. Saa zilizofanywa kabla ya ruhusa, au mbaya zaidi kabla ya tarehe ya amri, ndizo zinazokatwa kwa wepisi kuliko zote.

Ushahidi unaokataliwa

Fomu nzuri ya saa ina safu sita: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jumla, kazi iliyofanywa, herufi za mwanzo za msimamizi. Kwenye safu ya kazi andika kitu kinachoonekana. "Kujitolea" halisemi lolote. "Simu 11 za kukumbusha miadi, familia 3 hazikupatikana" linasema.

Jina ndilo linaloangusha watu wetu zaidi. Mkongo mwenye majina matatu ameandikishwa uhamiaji kwa mpangilio mmoja, leseni ina mwingine, na kwenye tovuti ameandika jina analoitwa nyumbani. Karani anatafuta kwenye mfumo, haoni mtu. Nakili jina kutoka kwenye karatasi ya mashtaka herufi kwa herufi, hata kama limekosewa tahajia, na weka namba ya kesi kwenye kila ukurasa.

Baada ya hapo huja saa zisizowezekana: saa 14 kwa siku, saa zinazogongana na zamu yako ya kiwandani ambayo afisa anayo kwenye karatasi za mshahara, saa 40 zote ndani ya wiki ya mwisho. Texas, kwa aliyeajiriwa, jaji kwa kawaida hawezi kumwagiza zaidi ya saa 16 kwa wiki, na kiwango hicho ni kipimo kizuri popote ulipo. Panga saa 6 hadi 10 kwa wiki na mstari wa fomu yako utaaminika wenyewe. Kosa jingine ni kumwachia mtoto au mwenza akubofyee masomo; akiulizwa swali moja kuhusu somo hilo, aliyelipia hana cha kujibu.

Shirika likisema "tumeshawatumia mahakama", usilale. Barua nyingi hufika kwenye sanduku la jumla na kukaa humo bila kuingia kwenye faili. Peleka nakala mwenyewe dirishani, angalau wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha baada ya siku chache uliza kama imeonekana kwenye mfumo. Na kama una tarehe ya kufika mbele ya jaji, fika, hata kama saa zimekamilika, mpaka mahakama yenyewe ikuandikie kwamba huhitajiki. Kutofika huzaa hati ya kukamatwa, nayo haijali umemaliza saa ngapi.

Ukiona hutamaliza, omba nyongeza ya muda kabla ya tarehe kupita. Mwenye saa 18 kati ya 40 na barua ya msimamizi husikilizwa. Aliyesubiri mpaka siku ya mwisho akanunua kifurushi cha mtandaoni usiku huonekana anakimbia.

Walioko Uingereza

Huko hakuna sababu ya kulipia tovuti yoyote. Uingereza na Wales, kazi bila malipo ni kati ya saa 40 na 300, na hupangwa na idara ya probesheni. Sehemu ya saa hizo, hadi asilimia 30, inaweza kuwa elimu, mafunzo na maandalizi ya ajira, na hapo ndipo masomo ya mtandaoni huingia, yale uliyopewa na probesheni wenyewe. Scotland huruhusu shughuli nyingine kwa asilimia 30 au saa 30, ipi iliyo ndogo.

Kwa asiye raia wa Marekani

Sehemu hii ina uzito kuliko bei ya tovuti yoyote. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ukikiri kosa au ukikubali ukweli wa kutosha kukutia hatiani, na jaji akaweka adhabu au kizuizi chochote juu ya uhuru wako, hiyo ni hatia, hata kama mahakama ya jimbo baadaye itafuta kesi. Saa za huduma zilizoamriwa zinaweza kuhesabiwa kuwa adhabu hiyo. Kwa hiyo ofa ya "fanya saa 30 kesi ifutwe" si lazima iwe nyepesi kwa mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) au anayesubiri hifadhi ya ukimbizi. Tofauti iko kwenye jambo moja: je, unatakiwa kukiri kwanza? Muulize wakili swali hilo kabla ya kusaini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini, hata kama amewekwa na serikali.

Anayeomba uraia ajue pia kwamba ombi halipitishwi akiwa bado kwenye probesheni. Saa zikichelewa, probesheni huongezwa, na uraia nao husogea. Ukimaliza, usiridhike na barua ya shirika. Mwombe karani nakala iliyothibitishwa ya uamuzi wa mwisho wa kesi, inayoonyesha kwamba masharti yote yametimizwa, na uchukue mbili. Moja itaambatana na ombi lako. Nyingine ibaki nyumbani, kwa sababu mahakama nyingi huharibu majalada ya makosa madogo baada ya miaka kadhaa, na afisa wa uhamiaji atakuomba karatasi hiyo hata kama mahakama yenyewe haina tena.